Mwaka Ambao Chifu Alilala Ndani

Juzi tulimzika Mumbua, dada ya mume wangu, na baada ya mazishi tukaketi chini ya hema tukala. Nilikuwa na sahani ya wali na nyama magotini. Nyama ilikuwa ngumu, kwa sababu vijana wa siku hizi wakipewa sufuria kubwa wanaogopa moto, na nilikuwa nimeanza kubishana na kipande kimoja niliposikia watu wanacheka kwenye viti vya nyuma. Alikuwa ni mume wangu, Baba Mueni, akiwasimulia watoto wa Mumbua habari za mbwa wa nyanya yao. "Ile mbwa ilikojolea nyanya yenu nyumba mwaka mzima," alisema. "Ukiingia pale, macho yanatoa machozi kabla hujamaliza kusema hodi." Kijana mmoja akauliza kwa nini haikuuawa. "Mimi nilikuja na kamba tayari," Baba Mueni akajibu. "Muulizeni Mama Mueni pale kwa nini nilirudi na kamba yangu mfukoni." Wote wakageuka kuniangalia. Nikaelekeza kidole kwenye shavu kuonyesha mdomo umejaa, nikaendelea kutafuna. Lakini nilifika nyumbani nimekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya kumtetea mbwa aliyekufa zamani sana.

Mumbua ndiye alikuwa mtu wa mwisho ambaye habari hii ingemchoma. Sasa amelala. Mama yao alimtangulia kitambo, naye ndiye aliyeniachia ruhusa ya kuisema, kama mtakavyoona. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo sitaandika kwa mkono wangu. Ninasema, na Ndinda anaandika kwenye simu yake. Ndinda ni mjukuu wangu, binti wa Mueni wangu, na anasomea uuguzi. Katika ukoo huu hakuna mtu aliyewahi kuvaa ile sare kabla yake, na nimemwambia asiifute hiyo sentensi hata akiona haya.

Mwaka wenyewe ni ule wa mvua ya El Nino. Mtu wa huku kwetu Kola mwenye umri wangu hahitaji kuelezwa zaidi. Mvua ilipoanza tuliishukuru, kwa sababu tulikuwa tumeingojea na jembe mkononi. Kisha ikakataa kwenda. Matuta ya shamba ambayo watu walichimba miaka na miaka yalishuka kama uji, vitunguu vikaoza kabla ya kuota vichwa, na nguo zilikauka kwa moshi wa jikoni tu, hata kanisani sote tulinuka kuni. Asubuhi moja tuliamka tukakuta choo cha mama mkwe wangu kimedidimia, paa la mabati limekaa juu ya matope kama kofia ya mtu aliyezama. Baba Mueni wakati huo alikuwa anafanya kazi Athi River kwenye kiwanda cha simiti, na alirudi nyumbani Jumamosi kama barabara ilipitika. Akachimba choo kingine mahali ambapo udongo ulikuwa mgumu, chini ya michungwa, kwenye mteremko. Kwangu hakikuwa mbali. Nilikuwa mwanamke wa miguu mizuri, mtungi kichwani na mtoto mgongoni ningeshuka pale nikiimba. Hakuna aliyeuliza kama magoti ya Mwaitu yangeshuka. Mwaitu ni kusema mama kwa Kikamba, na mama mkwe wangu sikumwita jina lingine mpaka anaingia kaburini.

Mbwa aliitwa Chifu. Alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limepasuka, na alipata jina hilo ujanani mwake kwa sababu hakuna mtu aliyepita njia yetu bila kuulizwa anaenda wapi na anarudi lini. Chifu mwenyewe wa lokesheni, yule wa serikali, alitutembelea siku moja akasikia tukimwita mbwa. Akauliza kama angalau anafanya kazi vizuri. Sasa alikuwa mzee. Macho yalikuwa na utando wa maziwa, miguu ya nyuma ilimfuata kama mzigo wa mtu mwingine, na mdomo wake ulikuwa mweupe mpaka watoto walidhani ameiba uji. Kwetu mbwa halali ndani. Ndani ni kwa watu, na kuku anayetamia. Lakini maji yalipojaa chini ya ghala ambako alizoea kulala, Mwaitu alifungua mlango wake akamwambia, "Ingia, mzee, tusubiri pamoja iishe." Mvua ilipokuja kuisha, Chifu alikuwa amesahau kwamba kuna nje.

Lazima niieleze nyumba ya Mwaitu, kwa sababu kila kitu kilitokea humo. Ilikuwa na vyumba viwili na sakafu ya simiti, simiti ambayo mwanawe alikuwa ameileta mwenyewe na kuisugua kwa pasi ya mwashi mpaka ikang'aa. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, redio iliyofunikwa kama mtoto mgonjwa, na picha ya harusi ambamo hakuna aliyecheka. Kisha pazia la maua. Nyuma ya pazia kitanda, sanduku la bati, na harufu ya mafuta ya taa na ya dawa ya nondo. Mtoto wa kiume akishatahiriwa havuki pazia la mahali mama yake analala. Baba Mueni alikuwa na ndevu na watoto, na hakujua kitanda cha mama yake kimeelekea wapi. Mumbua alikuwa ameolewa Katelembo na akija alikuwa mgeni, anaketi mbele anapewa chai. Mimi ndiye niliingia na ufagio. Hata hivyo Mwaitu alijitandikia kitanda mwenyewe. Nikikaribia blanketi lake alikuwa ananiambia, "Wacha, bado niko na mikono."

Mikojo ilianza mapema. Naingia asubuhi na uji, nakuta ziwa kwenye simiti, na Chifu amelala kwenye gunia lake akitazama ukuta. Nilimwaga jivu, nikafagia, nikaosha na maji moto na sabuni ya unga, nikasugua kwa maganda ya machungwa. Siku iliyofuata, ziwa. Jirani yetu Kalekye, mama mwenye ulimi wa pilipili, alinishauri nimsugue pua palepale ili ajue. Nilimsugua. Alilia kidogo kwa sauti nyembamba, akanilamba kidole. Nikajisikia mjinga, nikaenda kumwambia Kalekye ushauri wake haufai. "Basi mnunulie nepi," akasema. "Chifu wa sehemu nzima anakojoa ofisini, na nyinyi mnafagia tu." Nikatandika magunia. Nikamnyima maji kuanzia alasiri. Nakumbuka nilivyosema hayo mbele ya Mwaitu, nikichukua bakuli la mbwa: asiponyweshwa hatakuwa na cha kutoa. Na nakumbuka kwamba tangu siku hiyo Mwaitu naye aliacha chai ya jioni. Alifunika kikombe kwa kiganja na kusema tumbo limejaa. Mwanamke ambaye alipenda chai kuliko mahubiri. Niliona, lakini sikuona.

Kuna kitu kingine niliona bila kuona. Mikojo ilikuwa mahali pawili. Mmoja mlangoni, mdogo, na juu yake mbao za mlango zimekwaruzwa na kucha, kwa sababu Chifu alikuwa ameomba kutoka na hakuna aliyemsikia. Mwingine ulikuwa nyuma ya pazia, karibu na kitanda. Nilisema moyoni huyu mbwa ana kibofu cha ng'ombe.

Jumamosi moja Baba Mueni alifika akiwa na matope mpaka kiunoni, akaingia kumsalimu mama yake, akasimama mlangoni. Hakusema kitu mbele yake. Alikuja jikoni kwangu, akaketi kwenye kigoda akiwa na soksi mvua. "Mama Mueni, nyumba ya mama inanuka kama zizi," alisema. Nikamwambia ni mbwa. "Najua ni mbwa. Watu wa kanisa wakija kumsalimia watasema mama ya fulani anakaa kwa mikojo, na mtoto wake yuko kazini Athi River. Unajua hiyo ni aibu ya nani?" Nikamwambia ni ya mbwa. Hakucheka. "Nikirudi Jumamosi ile nyingine, nataka nyumba kavu. Ikiwa bado, nitamwambia Mutiso aje na mshale, tumalize. Ni mzee, hata ni huruma." Mutiso alikuwa jirani mwenye upinde, na mshale wake haukuhitaji kurudiwa. Baba Mueni hakuwa mkatili. Alikuwa mtu aliyependa mama yake akae pakavu, na hakujua njia nyingine ya kupakausha.

Basi jioni hiyo, Baba Mueni alipokuwa amelala kwa uchovu, nilimfunga Chifu mnyororo kwenye nguzo ya jiko langu, chini ya paa, na gunia kavu na mfupa. Nilijiambia asubuhi nyumba itakuwa kavu na mambo yataisha. Kulipokucha nguzo ilikuwa peke yake. Mnyororo haukuwa umekatika wala kung'olewa. Ulikuwa umefunguliwa na kutundikwa vizuri kwenye msumari wa karai, kama unavyotundikwa na mtu aliyelelewa vizuri. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwaitu, mapema kuliko desturi yangu, nikasema hodi nikiwa tayari nimeingia.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya pazia, amevaa nguo zake za kwenda sokoni, na Chifu ameweka kichwa kati ya magoti yake. Mlangoni palikuwa pakavu. Gunia la mbwa lilikuwa kavu. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani karibu na dirisha, na katikati yake kulikuwa na doa kubwa, jeusi, bado linatoa maji. Chini ya kitanda kulikuwa na leso imekunjwakunjwa imesukumwa nyuma ya sanduku. Nilimtazama Chifu. Mbwa huyo hakuweza kupanda kizingiti cha mlango bila kusukumwa matako. Kitanda angekipandaje?

Mwaitu hakuniangalia. Aliangalia ukuta palepale Chifu alipozoea kuangalia. "Ametukojolea tena," akasema.

Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mbwa. Huyu ni mwanamke aliyenifundisha kupika muthokoi wa mahindi yaliyotwangwa, aliyenikatia kitovu cha mtoto, ambaye wanaume wa kamati ya maji walimwogopa kwa sababu alisimama na kuwaambia wameiba mabomba. Na kwetu, mambo ya mwili wa mama mkwe hayapiti mdomoni mwa mke wa mwanawe. Hakuna neno lake. Hata kama ningelitafuta, ningelipata likiwa chafu. Niliona pia kwa nini alikwenda gizani na magoti yale kumfungua mbwa: mbwa akilala nje, mikojo ya ndani ni ya nani? "Nimeona, Mwaitu," nikasema. "Huyu mzee hana adabu kabisa." Nikachukua jivu. Chifu alipiga mkia chini, mara moja, kama mtu anayetia sahihi.

Siku mbili baadaye daktari wa mifugo alikuja na pikipiki yake kumtibu ng'ombe wangu, kiwele kilikuwa kimevimba. Alipomaliza kunawa nikamuuliza, kama mzaha, habari za mbwa mzee anayekojoa ndani. Hakucheka. Alimshika Chifu viungo vya nyuma, akamfungua mdomo, akaangalia macho. Alikuwa kijana mwenye upole. "Mama, hii si tabia mbaya," alisema. "Ni uzee. Magoti yanauma, anachelewa kuamka, anachelewa kufika. Usimpige. Na usimnyime maji, utamuumiza ndani na mkojo utanuka zaidi. Mpeleke nje wewe mwenyewe, akiamka, akimaliza kula, kabla ya giza. Usingoje akuombe. Na njia iwe rahisi kwake." Mwaitu alikuwa kibarazani anachambua kunde, na mikono yake ilikuwa imesimama. Pikipiki ilipoondoka nikasema kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi, "Mwaitu, umesikia daktari? Mzee asinyimwe maji." Jioni hiyo alikunywa chai, vikombe viwili, na akaomba sukari.

Hivyo ndivyo tulianza. Naingia na uji, mbwa anaamshwa, nasema, "Mwaitu, nisindikize na huyu Chifu, mimi ananikataa." Ilikuwa uongo. Chifu angenifuata hata kisimani. Mwaitu anasema, "Ngoja nichukue fimbo." Tunashuka watatu, polepole, mbwa mbele, fimbo katikati, mimi nyuma nikizungumza juu ya bei ya mahindi. Tukifika chini ya michungwa, Chifu anainua mguu anavyoweza, na Mwaitu anasema, "Kwa kuwa nimeshafika hapa." Anaingia chooni. Mimi namsubiri nikimsifu mbwa kwa sauti, ili asikie mtu anasifiwa. Baada ya chakula cha mchana, tena. Kabla ya giza, tena. Ya gizani ilikuwa ndoo yenye kifuniko, niliyoiacha nyuma ya pazia. Nilimwambia ni ya kunawisha mbwa, na asubuhi niliimwaga bila kuitaja. Nilichukua jembe nikachonga ngazi kwenye mteremko, nikaweka mawe, na pembeni nikasimamisha miti na kufunga ufito wa kushika. Kalekye akapita njiani na mzigo wake wa kuni, akasimama. "Mama Mueni, hii ni nini?" Nikamwambia nimemtengenezea Chifu njia. "Na huu ufito? Mbwa wako anashika na mkono gani?" Nikamwambia anashika na mkia. Alicheka mpaka kuni zikaanguka, na habari hiyo ilienea mpaka sokoni, kwamba mke wa yule wa Athi River ameingiwa na wazimu wa mbwa. Niliiacha ienee. Kama watu walikuwa wanatazama mbwa, hawakuwa wanatazama pengine.

Nyumba ilianza kukauka. Harufu ikapungua mpaka ikabaki ya mafuta ya taa na dawa ya nondo, kama zamani. Jumamosi ikafika, na Baba Mueni akafika nayo, na Mumbua akaja kutoka Katelembo kwa sababu kaka yake alikuwa amemwambia habari za harufu. Waliingia wote wawili wakinusa kama watu wanaoonja mchuzi. "Afadhali," akasema Mumbua. Nikapakua muthokoi na maharagwe yaliyokaangwa na vitunguu, chai ikamiminwa, na Mumbua akaanza habari za kwaya yao na za mwanamke mmoja aliyekataa kununua sare. Habari za Mumbua zilikuwa ndefu. Nilimwona Mwaitu anaweka kijiko chini. Nikasimama. "Mwaitu, mbwa anataka kutoka." Mumbua akanivuta leso. "Aka, keti chini, mama bado anakula. Wewe ni askari wa mbwa?" Baba Mueni akacheka. Nikasema tena daktari ameagiza mbwa atolewe akishakula. "Hajakula," akasema Mumbua, "sisi ndio tunakula." Nikaketi. Mwaitu alishika mkono wa kiti chake, na uso wake ukawa kama uso wa mtu anayesikiliza kitu mbali. Kisha nikaona. Chini ya kiti, tone, na tone lingine, halafu mstari mwembamba unaotembea kwenye ile simiti inayong'aa, ukielekea kiatu cha mwanawe. Chifu alikuwa amelala miguuni pa Mwaitu na ubavu wake ulikuwa tayari umelowa.

Nilipiga kelele hata kikombe cha Mumbua kikamwagika. Nikamshika mbwa ngozi ya shingo, nikamvuta kutoka chini ya kiti. "Wewe Chifu. Mzee mzima, mbele ya wageni. Huna haya." Kucha zake zilikwaruza sakafu. Hakunguruma. Aliniangalia kwa yale macho ya maziwa, na akaacha mwili uvutwe. Nikarusha gunia chini ya kiti na jivu juu yake. Nilikuwa nimemwokoa mmoja. Kisha nikasikia kiti cha Baba Mueni kinasukumwa nyuma, nikaona ametoa kamba katika mfuko wa koti. "Imetosha," alisema. "Mutiso yuko kwa ua, nilimwambia angoje."

Watu wanaposema hawakujua la kufanya, mara nyingi wanajua. Mimi kweli sikujua. Nikisema ukweli mbwa anapona, na Mwaitu anakufa ameketi, mbele ya mtoto wake wa kiume. Nikinyamaza, mbwa ambaye hakufanya kitu anakwenda kwa Mutiso na jina baya. Nilifungua mdomo, na mpaka leo sijui ni nini kingetoka.

"Keti chini," akasema Mwaitu.

Baba Mueni akasema, "Mama, hii ni mbwa tu."

"Najua ni mbwa. Nimemlea kabla hujanunua hilo koti." Hakuinua sauti. "Ukimtoa Chifu, anza na mimi. Magoti yake yamekataa. Yangu pia yamekataa. Mutiso ana mishale mingapi?"

Hakuna aliyetafuna. Mumbua ndiye aliyecheka kwanza. Alidhani ni mzaha wa wazee. "Mama ameanza kutuchekesha," akasema, akafuta chai yake. Baba Mueni alisimama na kamba yake, mwanaume mkubwa, kisha akaikunja polepole akairudisha mfukoni, akaketi akala. Mimi nikavua leso yangu ya mabegani, nikamzungushia Mwaitu kiunoni kabla hajasimama. "Kuna baridi nje, Mwaitu," nikasema. "Nisindikize na huyu mtu asiye na adabu." Tulitoka watatu. Hatukushuka mteremko. Tulipita nyuma, nyumbani kwangu, nikamwekea maji moto kwenye karai na nguo kavu, nikageuka nikatazama dirisha. Nje, kwenye ua, nilimwona Mutiso anaondoka na upinde begani, anamwambia Chifu, "Una bahati, mkubwa." Nyuma yangu maji yalikuwa yanamwagika taratibu. Mwaitu hakusema asante, na ningeumia kama angesema. Alisema, "Maji yako yana moto mzuri."

Chifu aliishi mpaka baridi ya katikati ya mwaka. Kila siku tulishuka na kupanda ile ngazi, na alipokosa nguvu kabisa nilimbeba kwenye karai la mahindi, naye anatazama shamba kama mzee anayekagua mali. Alifia kwenye gunia lake baada ya uji, jua likiwa limeingia mlangoni. Tulimzika chini ya mchungwa wa kwanza, mimi na Mwaitu tu, maana watu hawamziki mbwa, wanamtupa. Nilipomaliza kusawazisha udongo, Mwaitu alisimama ameshika ufito. Alitazama lile kaburi dogo, akatazama mteremko, na akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa tutamlaumu nani?"

Nilicheka. Naye akacheka, tukacheka mpaka tukaketi kwenye ngazi na kufuta machozi kwa leso moja. Ndiyo mara pekee jambo hilo lilisemwa kati yetu. Kesho yake nilikwenda kwa mtu wa Kola ambaye mbwa wake alikuwa amezaa, nikarudi na mtoto wa mbwa kwenye kikapu. Mtoto wa mbwa anakojoa kila mahali na hakuna anayemuuliza. Alipokua akajua adabu, nikaleta mwingine. Boma letu likajulikana kwa kupenda watoto wa mbwa. Na karibu na mwisho wa maisha yake, tukiwa kibarazani tunachambua kunde, Mwaitu aliniambia bila kuniangalia, "Yule Chifu alibeba yake na yangu. Siku moja, kukiwa hakuna wa kulia, umsafishe." Nimefanya hivyo sasa.

Ndinda alimsomea babu yake haya yote jana. Baba Mueni alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka akaenda kwa ng'ombe, akakaa huko muda mrefu kuliko ng'ombe wanavyohitaji. Aliporudi alinawa mikono. "Kesho," akaniambia, "unionyeshe ni mchungwa upi."

Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini leo Ndinda amekuja tena, na kikapu. Ndani kuna mtoto wa mbwa, mweusi, tumbo kama chungu, na ameshalowesha gazeti alilolalia. "Susu," akasema, ndivyo tunavyoita nyanya kwa Kikamba, na akawa anatazama dirisha, "nimekuletea wa kukaa naye. Atakojoa kojoa kidogo, umvumilie." Nimemwangalia huyu msichana wangu mwenye masomo. Sasa anaandika hivi na uso ameuinamisha, na asifute. Bado sijafika huko. Anayedhani nimefika aje akague godoro langu. Lakini jina la mbwa ni Chifu, na leo atalala ndani.